Zimwi Lililoanika Vivuli

Filamu yenyewe ni ya dakika tisa. Kitabu ilikotoka kina kurasa mia tatu na kitu, lakini wakati filamu inatengenezwa kitabu kilikuwa bado hakijawa kitabu. Kilikuwa madaftari kumi na moja ya shule niliyoyajaza kwa kalamu ya wino wa buluu, nikayatia ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kwa kuogopa mchwa. Nakaa Magogoni, na mchwa wa Magogoni hawachagui.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huku Kisauni. Riwaya niliiandika wakati wa likizo, kidogo kidogo, bila kumwonyesha mtu. Ni hadithi ya nchi isiyokuwapo. Chini ya machimbo ya mawe linaishi zimwi la kike ambalo huiba vivuli vya watu na kuvianika kwenye kamba. Aliyeibiwa kivuli hafi, husahauliwa. Mumewe humpita njiani asimjue, wanawe humwuliza anamtafuta nani. Msichana mmoja, ambaye ndiye pekee anayemkumbuka mama yake, anateremka machimboni kukitafuta kivuli cha mama. Zimwi linamkamata na kumweka miaka saba alinde vivuli visipeperuke. Pembeni mwa machimbo anaishi mfinyanzi, mwanamke mtu mzima anayechechemea, na huyu ndiye anayemfundisha msichana kuvificha vivuli ndani ya vyungu na kuvitoa kimoja kimoja.

Mfinyanzi nilimtoa kwa shangazi yangu, dada yake baba. Hilo nililijua tangu daftari la kwanza. Baba alipofariki, mama alirudi kwao bara ya Kaloleni akaolewa tena, na mimi nikaletwa kwa shangazi, Ziwa la Ng'ombe, nikiwa na umri wa miaka saba. Alikuwa hana mume wala mtoto. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni kwa maradhi. Alikuwa akifua nguo za watu wa majumba ya Nyali. Asubuhi akienda kuzichukua, mchana akifua, jioni akipiga pasi ya makaa. Nilikaa kwake miaka saba, mpaka nilipokwenda shule ya bweni.

Nilipomaliza daftari la mwisho nilikwenda kumwambia kwamba nimemwandika.

"Mimi?" akasema. "Nafanya nini humo?"

"Unafinyanga vyungu."

"Sijui kufinyanga."

"Ni hadithi tu, shangazi. Unamsaidia msichana mmoja kutoroka."

Akafikiri kidogo. "Ningependa uniweke nafanya kitu nikijuacho," akasema. Lakini alifurahi, kwa sababu Jumapili iliyofuata wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wameshajua yote.

Mchoraji nilimpata shuleni. Alikuwa mtu wa Likoni, wa makamo kama mimi, aliyeishi kwa kuandika mabango ya maduka na kuchora nyuma ya malori kule Changamwe. Mabango ya kuchapishwa kwa mashine yalipokuja, kazi ikapungua, naye akanunua kompyuta iliyokwisha tumika akajifunza mwenyewe kutengeneza katuni. Mwalimu mkuu alimwita aje achore ramani ya Kenya na viungo vya mwili kwenye ukuta wa nje. Wakati wa mapumziko akaniona nasahihisha daftari ambalo halikuwa la mwanafunzi, akaniuliza ni la nani. Sijui kwa nini nilimwazima. Baada ya siku mbili akarudi akitaka la pili. Alipofika la nne akaja na brashi mkononi, rangi ya maini ikimdondoka kiatuni.

"Mwalimu, hii nataka kuichora itembee."

"Yote?"

"Yote siwezi, wallahi. Kipande. Kule machimboni."

Nikamwuliza kwa nini machimboni. Nilitarajia aniambie jambo la kunipa kichwa. Akasema, "Vivuli havina macho wala vidole. Kivuli nakichora mara moja, halafu nakitikisa."

Hatukuandikiana karatasi yoyote. Alifanya kazi nyumbani kwake, katika chumba ambamo mkewe alikuwa akishona nguo. Cherehani ilikuwa juu ya meza ile ile. Mke akikanyaga, meza ikitetemeka, na mistari ya mume nayo ikitetemeka. Mwanzoni alikuwa akingoja mpaka mkewe apumzike. Baadaye akaona mistari iliyotetemeka inaonekana kama kuna upepo machimboni, akaacha kungoja. Ukiitazama filamu leo, ule upepo ni suruali za watu zilizokuwa zikipunguzwa.

Kazi ilichukua karibu mwaka. Katikati ya mwaka huo akaniita nione alipofika, nikaona hakuna mfinyanzi.

"Yule mama yuko wapi?" nikamwuliza.

"Nimemtoa, mwalimu."

"Umemtoa vipi? Bila yeye mtoto anatokaje?"

"Nisikilize kwanza." Akavuta kiti. "Mtu anayetembea sawa nina hatua nane. Nazichora, nazizungusha, anatembea mpaka Malindi. Anayechechemea siwezi kumzungusha. Kila hatua ina bega lake, ina kiuno chake. Nikimweka yule mama, sitamaliza."

"Mketishe. Mfinyanzi hukaa."

"Akikaa atazungumza. Akizungumza dakika tisa zimekwisha."

Kwake yeye hiyo ilikuwa hesabu tu, na nadhani alikuwa na haki. Akanionyesha mwisho alioubuni: msichana anazitafuna kamba kwa meno, moja baada ya moja, vivuli vinapanda juu kama kunguru. Ulikuwa mwisho mzuri. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, nikakaa wiki tatu bila kumpigia simu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba shangazi alikuwa ameshaalika watu. Nilisema nitamwambia leo au kesho. Sikumwambia.

Sauti ya zimwi ilikuwa isemwe na mama mmoja wa kikundi cha maigizo cha kanisani, mwenye kifua kikubwa na sauti ya kutikisa mabati. Wiki ya kurekodi akapata kazi Voi akaondoka. Mchoraji akasema nijaribu mimi. Tulitundika mablanketi madirishani, tukangoja adhana iishe, tukangoja lori la maji lipite. Mkewe ndiye aliyekuwa sauti ya msichana. Aliacha cherehani, akakaa kitako kwenye mkeka na karatasi yake mapajani.

"Nifanye vipi?" nikauliza.

"Usifikiri," mchoraji akasema. "Mwite tu mtoto."

Nikaita. Mkewe akaitika, "Abee!" nusu akiwa amesahau kwamba tunaigiza. Nikamwuliza mbona vivuli viwili viko chini, nikamwuliza macho yake anayatumia kutazamia nini, nikamwambia asiponijibu nitamwanika na yeye. Mchoraji akavua vifaa vya masikioni akanitazama.

"Umeitoa wapi sauti hiyo?"

"Si ya zimwi?"

"Basi usiirudie," akasema. "Imetosha hiyo hiyo."

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, katika darasa la sita. Tulifunika madirisha kwa magunia na kutundika shuka nyeupe mbele ya ubao. Walikuja watoto wa shule, wazazi wachache, walimu wenzangu waliokuwa na nafasi, na watu wa Likoni upande wa mchoraji. Shangazi alikuja na wanawake wanne wa kanisa. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Mchoraji akampa shikamoo akamketisha kiti cha mbele kabisa, kile cha mwalimu.

Shangazi akaitazama shuka. "Hii haikupigwa pasi," akasema.

"Haitaonekana, mama, taa ikiwaka."

"Itaonekana."

Ilionekana. Kila mara zimwi lilipopita katikati ya shuka mkunjo ulilikata kiunoni.

Nilisimama nyuma, karibu na swichi. Mbele yangu vivuli vilining'inia kwenye kamba, vikitikisika ule mtikisiko wa cherehani. Msichana alikimbia huku na huku akivirudisha vilivyoanguka. Kisha sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa kuliko nilivyoijua, ikimwita. Watoto wakapiga kelele za kufurahia hofu. Niliona kichwa cha shangazi kikiinuka, kikabaki hivyo. Mmoja wa wenzake akamwinamia akamwuliza, kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, "Mbona wewe hutoki?"

"Nyamaza," shangazi akasema. "Natazama."

Taa zilipowashwa watu wakapiga makofi, mchoraji akashikwa mikono. Yule mwenzake hakuchoka. "Tumekungoja mpaka mwisho hatukukuona!"

"Mlinitazama muda wote huo," shangazi akajibu. Wakacheka, na mimi nikadhani anajificha aibu.

Nilimsindikiza nyumbani kwa tuktuk. Tulipofika akaketi juu ya kigoda uani, akaunyoosha mguu, akaniambia nitie chai. Nilipoileta nikaanza.

"Shangazi, niwie radhi. Yule mfinyanzi aliondolewa. Mchoraji alisema mtu anayechechemea ni kazi kubwa, na mimi nilipaswa kukwambia mapema, ila..."

"Mfinyanzi gani?"

"Yule niliyekuambia ni wewe."

"Mimi ni zimwi," akasema.

Nikasema si kweli. Nikasema zimwi nililibuni tu, halina mtu. Akanisubiri nimalize, akapuliza chai.

"Kamba zilikuwa ngapi pale?"

"Saba."

"Hapa zilikuwa ngapi?"

Niligeuka nikautazama ua. Nguzo za mikoko bado zilikuwapo, mbili zimelala upande, na kamba zimebaki mbili tu kwa sababu siku hizi anafua zake peke yake. Misumari ya zile nyingine ilikuwa bado imepigiliwa. Sikuwa na haja ya kuihesabu. Kila siku nilipotoka shule kazi yangu ilikuwa kukaa pale na fimbo, kuwafukuza mbuzi wa jirani na kuangalia wingu. Shuka ya mtu wa Nyali ikianguka mchangani, ilifuliwa upya, na mimi nilichapwa shingoni kwa kitambaa kibichi. Wenzangu wakicheza kode nje ya ua, niliwasikia tu.

Watu hawaniamini nikisema kwamba sikuona. Nimeandika kurasa mia tatu kuhusu mtoto anayelinda vitu vilivyoanikwa, kwa miaka saba, chini ya mtu anayemwita kwa ukali, na sikuona. Nilikuwa nimeshampa shangazi nafasi yake katika kitabu, ya heshima, nikadhani nimemaliza naye.

"Na ile sauti," akasema. "Ile sauti ni yangu hata kukohoa kwake. Nilitaka kuitika mimi mwenyewe."

"Shangazi, sikukusudia."

"Najua. Ungekusudia ungeificha."

Kuku akapita kati yetu. Nilidhani atalia au ataniambia niondoke, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Yeye akaweka kikombe chini.

"Nina swali moja tu la hiyo hadithi yenu," akasema. "Yule mtoto amekaa kule chini miaka mingapi?"

"Saba."

"Anakula nini?"

Nikamfukuza kuku.

"Nakuuliza, mwalimu. Miaka saba. Anakula mawe?"

Nikamwambia kweli: kwenye filamu hali kitu. Na kitabuni je? Nikayapitisha madaftari kumi na moja kichwani. Kuna karamu ya mfalme katika daftari la pili, kuna ndizi anazopewa na mfinyanzi katika la saba. Machimboni hakuna sufuria, hakuna moto, hakuna sahani. Nilimweka mtoto kwa zimwi miaka saba na sikuwahi kumlisha.

"Basi hapo umenidhulumu," shangazi akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa akisahihisha. "Ukali nilikuwa nao. Kuchapa nilikuchapa. Hayo andika. Lakini hapa hukulala njaa hata siku moja, na mimi zilikuwako siku nililala."

Nilikumbuka bakuli la bati la buluu, lililofunikwa kwa sahani, juu yake jiwe ili paka asifungue. Aliliacha kila alipokwenda Nyali kurudisha nguo. Ndani yake sima, na mboga ya mchunga kwa nazi, na siku nzuri kipande cha ng'onda, samaki mkavu. Hicho kipande nilikuwa nikikila kwanza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kilikuwa kimoja tu katika nyumba ya watu wawili.

Nilikaa mpaka jua likapungua ukali. Hatukukumbatiana wala hatukusemezana maneno mazito. Nilimuosha miguu kama nifanyavyo nikienda, tukazungumzia paa linalovuja. Nilipoaga akasema nimwambie yule fundi wa Likoni kazi yake ni safi, ila shuka apige pasi.

Jumatatu nilikwenda kwa mchoraji nikamwomba aongeze bakuli. Nilimweleza: pembeni tu, juu ya jiwe, zimwi linaliweka na kuondoka. Hata sekunde tano.

Alinisikiliza kwa adabu. "Mwalimu, filamu imekwisha," akasema. "Nimeshaituma kwa watu. Na zile picha za machimboni, moja moja, zilikuwa ndani ya ile diski ya kompyuta iliyokufa nilipokwisha kuziunganisha, unakumbuka? Kuongeza bakuli nianze upya na ukuta."

"Basi haiwezekani."

"Inawezekana. Mimi ndiye siwezi."

Nilimwelewa. Filamu imebaki vile ilivyokuwa, na wanaoipenda wanaipenda hivyo hivyo. Imeonyeshwa Likoni, imeonyeshwa katika tamasha moja mjini, na sasa inazunguka kwenye simu bila majina yetu. Kwa sababu ya filamu hiyo mchoraji alipata kazi: anachora katuni za kuwafundisha watoto kunawa mikono, na mkewe amehamishia cherehani chumba cha mbele. Shuleni wanafunzi wananiita Zimwi wakidhani sisikii.

Mimi nilinunua daftari la kumi na mbili. Niliandika sura ambayo zimwi linapika. Halisemi neno katika sura yote. Linachuma, linakoroga, linapakua, linafunika, linaondoka. Nilipoimaliza nilikwenda Ziwa la Ng'ombe nikamsomea shangazi, kwa kuwa yeye hakusoma. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika penye mchunga akaninyanyulia mkono.

"Umechemsha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mchungu huo. Mara mbili, na maji ya kwanza unamwaga."

Nikakata mstari, nikaandika mara mbili. Nikamwuliza kama naweza kulipatia zimwi mguu wa mfinyanzi, maana mfinyanzi hauhitaji tena.

"Lipe," akasema. "Lisitembee kama askari."

Mhariri wa Nairobi aliyekipokea kitabu aliniandikia kwamba sura ile inapunguza kasi, kwamba msomaji anataka mtoto atoroke na sisi tumesimama tunapika. Alikuwa mtu mwenye busara, na mahali pengine pote nilimkubalia. Hapo nilimwambia ikitolewa hiyo natoa kitabu chote. Akaiacha, akanibadilishia alama za mkato.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea shangazi nakala yake. Akaipima uzito kwa mkono, akauliza ile sura iko wapi. Nikamwonyesha. Akakunja pembe ya ukurasa, kitu ambacho nawakataza wanafunzi wangu kila siku, na tangu hapo mgeni yeyote anayejua kusoma akifika pale uani husomeshwa ukurasa huo kabla hajapewa maji.